Lugha Iliyozaliwa Uwanjani: Watoto Viziwi wa Nikaragua na Siri ya Kujifunza Lugha

Herodotus, mwanahistoria wa Kiyunani aliyeishi katika karne ya 5 kabla ya Kristo, amesimulia kisa cha mfalme mmoja wa Misri aliyeitwa Psammetichus. Mfalme huyo alitaka kujua ni taifa gani lililo la kale kuliko mataifa yote. Aliwatwaa watoto wachanga wawili, akamkabidhi mchungaji awalee pamoja na mbuzi wake, na akatoa amri kwamba mtu yeyote asitamke neno mbele yao. Baada ya miaka miwili watoto wale walisikika wakisema "bekos". Ilipochunguzwa, ikaonekana kwamba katika lugha ya Wafrigia neno hilo lilikuwa na maana ya mkate. Basi mfalme akakata shauri kwamba Wafrigia ndio watu wa kale zaidi. Haikumpitikia kwamba yamkini watoto wale walikuwa wakiiga mlio wa mbuzi.

Hukumu ya mfalme haina thamani katika sayansi, lakini chini ya kisa chake limejificha swali zito. Je, mtoto hupata lugha kwa kuwaiga wakubwa tu, kama kasuku anavyoiga sauti? Au amezaliwa na uwezo wake mwenyewe wa kutafuta utaratibu na kujenga sarufi? Njia ya kulijibu swali hili moja kwa moja ingekuwa kuwanyima watoto lugha kwa makusudi na kungoja kuona watafanya nini. Jambo hilo ni ukatili, na hakuna mtaalamu mwenye utu ambaye angethubutu kulifanya.

Hata hivyo, katika robo ya mwisho ya karne ya 20, jambo linalokaribiana na hilo lilitokea lenyewe, bila mtu kulipanga. Lilitokea katika nchi ndogo ya Amerika ya Kati iitwayo Nikaragua, na wahusika wake walikuwa watoto viziwi.

WATOTO WALIOKAA KIMYA

Kabla ya miaka ya 1970 hapakuwa na lugha ya alama iliyoenea miongoni mwa viziwi wa Nikaragua. Mtoto aliyezaliwa kiziwi aliishi nyumbani kwa wazazi wanaosikia, na aghalabu hakupata kukutana na kiziwi mwenziwe. Akili yake ilikuwa timamu na macho yake makali. Kilichokosekana ni mlango wa kuingizia lugha. Watu wa nyumbani walisimuliana, walisali, waligombana na kucheka mbele yake, naye aliona midomo ikichezacheza tu.

Mtoto wa namna hiyo hakai bure. Yeye na jamaa zake hubuni ishara chache za kutimiza haja za kila siku: kuonyesha kwa kidole kitu kinachotakiwa, kuinua mkono kinywani kama mtu anywaye, kulaza kichwa kiganjani kama mtu alalaye. Wataalamu huziita ishara za nyumbani. Katika miaka ya 1970 Susan Goldin-Meadow na wenziwe walianza kuwachunguza watoto kama hao huko Marekani. Waligundua kwamba watoto walizipanga ishara zao kwa mfuatano maalumu, na kwamba utaratibu huo ulikuwa thabiti kuliko ule ulioonekana katika ishara za mama zao. Kwa maneno mengine, mtoto alikuwa na utaratibu ambao mama hakumfundisha.

Hapa pana tofauti inayofaa kushikwa vizuri. Ishara ni kitendo cha mkono kinachofanana na jambo linaloelezwa. Lugha ya alama ni lugha kamili. Mwaka 1960 William Stokoe alionyesha kwamba alama za viziwi wa Marekani zimejengwa kwa sehemu ndogondogo, yaani umbo la mkono, mahali unapowekwa na mwendo wake, kama vile maneno ya mdomoni yanavyojengwa kwa sauti. Mtu akibadilisha sehemu moja, alama huwa nyingine, kama "paka" na "taka" zinavyotofautiana kwa sauti moja. Tena hakuna lugha moja ya alama kwa ulimwengu wote. Kila jumuiya ya viziwi ina yake. Ishara za nyumbani hazijafikia kiwango hicho. Huzuiwa na upweke, kwa kuwa hakuna mwenzi anayezitumia na kuzijibu kwa namna ileile.

SHULE YA MANAGUA

Mwaka 1977 mafunzo ya watoto viziwi yalianzishwa katika kituo kimoja cha elimu maalumu mjini Managua, kwa wanafunzi wapatao 50. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1979 elimu ilipanuliwa, na mwaka 1980 ikafunguliwa shule ya ufundi kwa vijana viziwi katika mji huohuo. Ilipofika mwaka 1983 shule hizo mbili zilikuwa na wanafunzi zaidi ya 400. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi ile, viziwi wengi walikuwa wamekusanyika mahali pamoja.

Walimu hawakuwa na nia ya kufundisha lugha ya alama. Walifundisha Kihispania kwa njia ya kusoma midomo, pamoja na kuonyesha herufi kwa vidole. Jitihada hiyo haikuzaa matunda mengi. Ni vigumu mno kwa mtu ambaye hajapata kusikia lugha yoyote kuikamata kwa kutazama midomo tu, maana sauti nyingi hutamkwa ndani ya kinywa, mahali ambapo jicho halifiki. Mtu anayetaka kujua ugumu huo na ajitazame katika kioo akitamka "baba" kisha "mama". Ataona midomo ikifunga na kufunguka kwa namna moja.

Lakini watoto walikuwa na shule ya pili, isiyo na mwalimu wala ubao. Shule hiyo ilikuwa uwanjani wakati wa mapumziko, njiani, na ndani ya basi la kuwarudisha nyumbani. Kila mtoto alikuja na ishara za kwao. Walipocheza na kutaniana, ishara hizo zikakutana, zikapokezana, na baadhi zikawa za wote. Walimu waliona mikono ikienda kasi, wala hawakuelewa kinachosemwa.

Mwezi Juni 1986 Wizara ya Elimu ya Nikaragua ilimwomba Judy Kegl, mtaalamu wa isimu ya lugha za alama kutoka Marekani, aje atazame. Alipolinganisha wanafunzi, Kegl aliona jambo ambalo mtu hakulitazamia. Vijana wakubwa, waliokuwa wa kwanza kukusanyika, walitumia mfumo mwepesi wa mawasiliano. Watoto wadogo waliofika baadaye, na ambao walijifunza kwa kuwatazama wakubwa hao, walikuwa na alama za kasi zaidi na zenye utaratibu mwingi zaidi. Wanafunzi walikuwa wamewapita waliowafundisha.

SARUFI YAANZA KUONEKANA

Ushahidi wa jicho peke yake hautoshi. Baadaye mtaalamu mwingine wa Marekani, Ann Senghas, aliendelea kuichunguza lugha hiyo kwa miaka mingi, akiwagawanya watumiaji wake kwa kufuata mwaka walioingia katika jumuiya ya viziwi.

Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2001, yeye na Marie Coppola walitazama matumizi ya nafasi iliyo mbele ya mwili. Mtu akifanya alama ya "kuona" upande wa kushoto, kisha akafanya alama ya "kulipa" upande huohuo, je, aliyeonwa ndiye aliyelipwa? Kwa wale wa kundi la kwanza upande haukuwa na maana thabiti ya namna hiyo. Kwa waliofuata, hasa walioanza wakiwa wadogo, upande ulikuwa kiungo cha sarufi: vitendo viwili vilivyofanywa upande mmoja vilimhusu mtu yuleyule.

Msemaji wa Kiswahili hapati taabu kuelewa thamani ya kiungo hicho. Katika sentensi "Juma alichukua mwiko na kisu, akakiosha", silabi moja ndogo, "ki", yamwambia msikilizaji kwamba kilichooshwa ni kisu. Kama ungekuwa mwiko, ingesemwa "akauosha". Kazi inayofanywa na ngeli katika Kiswahili, yaani kufunga kitendo na kile kinachohusika nacho, watoto wa Managua waliifanya kwa kushoto na kulia.

Jaribio mashuhuri zaidi lilitangazwa mwaka 2004 na Senghas, Sotaro Kita na Aslı Özyürek. Viziwi 30 walionyeshwa filamu ya katuni ambamo paka, baada ya kumeza tufe zito, abingirika na kuteremka katika barabara yenye mwinamo mkali. Kisha waliombwa wasimulie walichokiona. Kumi kati yao walijiunga na jumuiya ya viziwi kabla ya mwaka 1984, kumi kati ya 1984 na 1993, na kumi baada ya hapo. Wasemaji wa Kihispania wanaosikia nao walisimulia kisa hicho, na ishara za mikono yao zikatazamwa.

Wale wanaosikia waliposimulia, mkono ulizunguka huku ukishuka: namna ya kwenda na upande wa kwenda vilionekana pamoja katika tendo moja, kama vilivyo katika ulimwengu wenyewe. Viziwi wa kundi la kwanza nao walifanya hivyo mara nyingi. Lakini makundi ya pili na ya tatu aghalabu yalilipasua tendo hilo vipande viwili: kwanza alama ya kubingirika, kisha alama ya kuteremka.

Kwa haraka mtu aweza kudhani kwamba hiyo ni hatua ya kurudi nyuma, maana picha ya awali ilikuwa karibu zaidi na hali halisi. Sivyo. Picha nzima haiwezi kutumika ila kwa jambo lile moja. Lakini "kubingirika" ikisimama peke yake, yaweza kuungwa na "kupanda". Nayo "kuteremka" yaweza kuungwa na "kuruka" au "kutambaa". Kwa vipande vichache mtu huweza kusema mambo yasiyo na idadi. Kiswahili nacho hufanya vivyo hivyo kisemapo "alibingirika akateremka", au kinapokivunja kitenzi kimoja kuwa a-li-m-pig-a, ambapo kila kipande chaweza kubadilishwa peke yake. Kuvunja na kuunga ndiyo mojawapo ya sifa kuu za lugha zote za binadamu, na huko Managua sifa hiyo ilionekana ikichipuka mikononi mwa watoto.

Mwalimu aweza kulifanya jaribio dogo la namna hiyo darasani. Na amwonyeshe mwanafunzi mmoja kwa siri sentensi "Jiwe lilibingirika likateremka mlimani", kisha amtake aieleze kwa mikono bila kutoa sauti. Wenziwe watazame kama mkono unazunguka na kushuka kwa pamoja, au kimoja baada ya kingine. Kisha wajadili sababu.

Wataalamu hawakubaliani katika kila jambo kuhusu habari hizi. Laura Polich, aliyeandika historia ya jumuiya ya viziwi wa Nikaragua, amesisitiza kwamba vijana na watu wazima waliojenga jumuiya hiyo nao walikuwa na mchango mkubwa. Hata hivyo, jambo moja limesimama imara: watoto hawakuipokea lugha kama ilivyokuwa. Walipewa malighafi, wakairudisha ikiwa na utaratibu ambao wakubwa hawakuwa nao.

SAMAKI MKUNJE ANGALI MBICHI

Kwa nini wakubwa wa kundi la kwanza hawakuyachukua maendeleo hayo yote, hali walikutana na wadogo zao mara kwa mara? Jibu linaelekea kuwa ni umri. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na uchunguzi wa lugha umetoa ushahidi mwingi wa kuunga mkono usemi huo.

Mwaka 1990 Elissa Newport alieleza uchunguzi wake kuhusu viziwi wa Marekani walioitumia lugha ya alama kwa miaka 30 au zaidi. Baadhi waliipata tangu kuzaliwa kwa wazazi viziwi. Wengine waliianza wakiwa na umri wa miaka 4 hadi 6. Wengine baada ya miaka 12. Katika mpangilio wa kawaida wa maneno makundi yote yalikuwa sawa. Lakini katika muundo wa ndani wa vitenzi, walioanza tangu kuzaliwa waliwashinda walioanza utotoni, na hao wakawashinda walioanza ujanani. Miaka 30 ya kuitumia lugha kila siku haikuziba pengo hilo.

Je, basi, ubongo wa mtu aliyevuka utoto hauwezi kujifunza lugha? Hapana, na watu wanaojifunza Kiswahili au Kifaransa wakiwa watu wazima ni ushahidi. Rachel Mayberry aliwalinganisha watu wa aina mbili waliojifunza lugha ya alama katika umri uleule mkubwa. Baadhi walizaliwa wakisikia, wakapata lugha ya mdomoni utotoni, kisha wakapoteza kusikia. Wengine walizaliwa viziwi, wala hawakuwa na lugha ya kutosha kabla. Waliokwisha kupata lugha ya kwanza mapema waliimudu lugha ya alama vizuri zaidi. Lugha ya kwanza, hata ikiwa ni ya mdomoni, huweka msingi wa zile zijazo, hata za mikono. Hatari kubwa, basi, ni kufika ujanani bila lugha yoyote.

KINACHOPOTEA

Hasara hiyo haiishii katika kusema. Mwaka 2011 Elizabet Spaepen na wenziwe walitangaza uchunguzi juu ya watu wazima wa Nikaragua ambao hawakupata kujiunga na jumuiya ya viziwi na waliendelea kutumia ishara za nyumbani. Watu hao walifanya kazi na kutumia fedha kama majirani zao, na waliweza kuinua vidole kuonyesha idadi. Hata hivyo, idadi ilipozidi tatu hawakuwa na uhakika. Walikaribia jibu, lakini mara nyingi hawakulifikia sawasawa. Kuhesabu moja, mbili, tatu, nne, jambo ambalo mtoto anayesikia hulikariri akicheza, kumbe ni chombo kinachopokewa kwa njia ya lugha.

Jennie Pyers na Senghas walichunguza jambo jingine, nao wakatangaza matokeo mwaka 2009. Walitumia visa vya picha vya aina hii: mtu aweka kitu mahali, aondoka, na nyuma yake mwingine akihamisha. Akirudi, atakitafuta wapi? Jibu sahihi ni pale alipokiacha, kwa kuwa hajui kilichotokea. Watu wazima wa kundi la kwanza, ambao lugha yao ilikuwa na alama chache za mambo kama "kudhani" na "kujua", walikosea mara nyingi, na vijana wa kundi la pili wakawashinda. Waliporudiwa baada ya miaka miwili, wakubwa hao walikuwa wamejifunza alama za namna hiyo, na majibu yao yalikuwa yamekuwa bora. Habari hii ina faraja ndani yake, kwani mlango haufungwi wote kwa siku moja.

FUNDISHO KWA SHULE

Kwa muda mrefu elimu ya viziwi iliendeshwa kinyume na maarifa haya. Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, ulipitisha azimio la kutanguliza mafunzo ya mdomo na kuzitupa alama. Shule nyingi duniani zilifuata azimio hilo, na ziko zilizowaadhibu watoto kwa kutumia mikono yao. Ilikuwa mwaka 2010, huko Vancouver, Kanada, ambapo mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi ulitangaza kusikitishwa na madhara ya azimio hilo.

Katika Afrika ya Mashariki sheria zimeanza kuitambua lugha ya alama. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 imeitaja miongoni mwa malengo yake, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Lakini mtoto mchanga hasomi katiba. Huko Marekani, ambako hesabu zimechukuliwa, zaidi ya watoto viziwi 90 katika kila 100 huzaliwa na wazazi wanaosikia. Wazazi hao huipenda damu yao, ila hawana lugha ambayo macho ya mtoto yaweza kuipokea. Mtoto akiitwa bubu, akafichwa nyumbani mpaka afike umri wa kwenda shule, miaka iliyo na rutuba kuliko yote huwa imekwisha kupita.

Kwa hiyo mwalimu apatapo habari za mtoto kiziwi kijijini, jambo la kwanza la kumshauri mzazi ni kumkutanisha mtoto huyo mapema na viziwi wengine, wakubwa kwa wadogo, na la pili ni mzazi mwenyewe kujifunza alama. Hakuna sababu ya kuogopa kwamba alama zitamzuia mtoto kujifunza kusoma na kuandika Kiswahili. Uchunguzi wa Mayberry waonyesha kwamba lugha moja iliyopatikana mapema huwa ngazi ya kupandia nyingine.

Watoto wa Managua hawakuwa na kipaji kuliko watoto wa mahali pengine. Walichopata ni kitu ambacho wazee wao viziwi hawakukipata, yaani wenzao. Walipokutana uwanjani, wakiwa wadogo bado, lugha ilizaliwa. Mtoto kiziwi anayeketi leo peke yake mlangoni kwao, akitazama midomo ya watu, ana uwezo uleule, lakini umri wake hausimami kumngojea.